Kuona Gizani kwa Bei ya Kariakoo

Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, kwa kuwa jiji lipo karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Giza nalo huingia upesi. Mfanyakazi anayetoka ofisini mjini saa 11, akapita kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere hadi kufika Kisarawe, anakuta msitu wa Pugu umeshafunikwa. Hapo ndipo wenyeji wa msitu huo huanza shughuli zao: komba, bundi, kanu, nungunungu, na popo wanaotoka kwenye mapango yaliyoachwa na machimbo ya kaolini. Kwa mpenda matembezi, sehemu kubwa ya yanayofaa kuonwa hutokea wakati macho yake hayamtoshi.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa tochi, na tochi humfukuza yule yule unayetaka kumwona. Vifaa vya kijeshi vya kuonea gizani vilikuwepo tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini bei yake na sheria za nchi zinazovitengeneza ziliviweka mbali na raia. Leo darubini za kidijitali za usiku zinauzwa katika soko la dunia kwa dola 100 hadi 300 za Marekani. Kwa kiwango cha takribani shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni kati ya shilingi 250,000 na 750,000, kabla ya usafiri na kodi. Kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, kilichoanza kutumika Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa fedha ya namna hiyo, mtu ana haki ya kujua ananunua nini.

Msimamo wa uchambuzi huu ni huu: kifaa cha bei hiyo ni kifaa cha kweli, si mchezo wa watoto, lakini kazi yake ni ya karibu. Mita 50 hadi 100 ndizo zake. Na ndani yake, kitu kinachoamua utaona nini ni taa, wakati matangazo yote husifu kamera.

Koo tatu za vifaa

Vifaa vya kuonea usiku vina koo tatu, na mnunuzi asiyezitofautisha hulipia moja akitarajia matunda ya nyingine.

Ukoo wa kwanza ni wa mirija ya kukuza mwanga. Mwanga hafifu wa nyota au mwezi hugonga utando maalumu, ukageuzwa kuwa elektroni, elektroni zikaongezwa mara maelfu, kisha zikagonga kioo cha fosfori na kutoa ile picha ya kijani tuliyoizoea kwenye filamu za vita. Mirija ya kizazi cha tatu huuzwa kwa maelfu ya dola, na Marekani haiiruhusu kutoka nchini mwake bila leseni. Kwa mtu wa matembezi, ukoo huu tuuache.

Ukoo wa pili ni wa kamera za joto. Hizi hazihitaji mwanga kabisa. Zinapokea mionzi ya joto inayotoka kwenye kila kitu, zaidi ile yenye urefu wa mawimbi kati ya mikromita 8 na 14, na kumwonyesha mnyama kama umbo linalong'aa mbele ya majani yaliyopoa. Zile ndogo sasa zinapatikana kwa mamia kadhaa ya dola. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Picha yake ina nukta chache, mara nyingi 256 kwa 192, kwa hiyo unajua kuna mnyama lakini hujui ni nani. Tena kioo cha kawaida huzuia mionzi hiyo, hivyo ukiielekeza nje ukiwa ndani ya gari lililofungwa madirisha, unaona joto la dirisha lenyewe. Katika usiku wa Dar es Salaam wa Januari na Februari, hewa ikiwa bado na nyuzi 25 za joto, tofauti kati ya manyoya ya mnyama na majani hupungua pia, ingawa haiishi.

Ukoo wa tatu ndio wa kidijitali, na ndio unaotuhusu. Kimsingi ni kamera ya video iliyofungwa kwenye lenzi ndefu na skrini ndogo. Jicho la mtu huishia kuona karibu nanomita 700 za urefu wa mawimbi. Silikoni, ambayo ndiyo malighafi ya kihisi cha kamera, huona hadi kupita nanomita 1,000. Katika simu zetu, watengenezaji huweka kichujio cha kuzuia mwanga huo wa infraredi ili rangi zisiharibike. Kwenye darubini ya usiku kichujio huondolewa, na taa ya infraredi huongezwa. Mtu haoni taa hiyo. Kamera inaona kama vile kumewashwa tochi.

Bei imeshuka kwa sababu ya kamera za ulinzi. Kampuni ya Sony ilileta familia ya vihisi vya Starvis kwa ajili ya kamera hizo, na viwanda vya China vilipoanza kutengeneza kamera za maduka, maghala na nyumba kwa mamilioni, vihisi vyenye uwezo wa kuona gizani vikawa bidhaa ya kawaida. Kwa hiyo darubini ya usiku na kamera iliyo juu ya mlango wa duka la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ni ndugu wa damu. Ukifahamu moja inavyofanya kazi usiku, umefahamu nyingine.

Taa ndiyo kifaa

Usiku wa mbalamwezi una mwanga wa karibu lukisi 0.2. Usiku wa nyota tupu una karibu lukisi 0.001, yaani pungufu mara 200. Kihisi kizuri cha bei nafuu kinaweza kutoa picha inayoeleweka chini ya mbalamwezi bila msaada. Chini ya nyota tupu, na zaidi chini ya matawi ya msitu wa Pugu, kinatoa chengachenga. Hapo taa yake ndiyo inayofanya kazi yote.

Taa hizo ni za aina mbili. Ya nanomita 850 huonekana kwa mbali kama doa jekundu lililofifia ukiitazama moja kwa moja. Kihisi huipokea vizuri, kwa hiyo inafika mbali zaidi. Ya nanomita 940 haionekani kabisa, lakini kihisi huipokea kwa udhaifu mkubwa, na umbali hupungua. Anayetazama wanyama na ambaye hajali doa jekundu achague 850. Ya 940 inamfaa zaidi mwenye kamera ya kutega njiani mwa wanyama, ambako usiri ni muhimu na mnyama hupita karibu.

Kisha kuna kanuni ya umbali, ambayo hakuna boksi linaloitaja. Mwanga unaotawanyika hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, unaofika ni robo, mara tatu, ni moja ya tisa. Taa ndogo ya wati 3 inayomwangaza komba vizuri kwa mita 60 inampatia, kwa mita 180, moja tu ya tisa ya mwanga ule. Kuongeza ukubwa wa picha kwa kubonyeza kitufe hakurudishi mwanga uliopotea.

Hewa ya pwani nayo ina neno lake. Ukungu, manyunyu, vumbi na moshi wa mkaa hurudisha mwanga wa infraredi kwenye lenzi, na skrini inajaa weupe. Jani moja lililo mita 2 mbele yako hufanya vivyo hivyo: linang'aa, kamera inajipunguzia mwanga, na kilicho nyuma yake kinazama gizani. Ndiyo maana mtumiaji mzoefu husimama ukingoni mwa njia akiwa na uwazi mbele yake, wala hachunguzi akiwa katikati ya kichaka.

Mita 300 zinazodaiwa kwenye boksi

Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alipanga ngazi za kuona kwa kutumia vifaa vya namna hii, na ngazi zake zinatumika hadi leo. Kwa lugha ya kamera za sasa, kugundua kwamba kuna kitu kunahitaji nukta 2 hivi za picha katika upande mfupi wa kitu hicho. Kutambua ni kitu cha aina gani kunahitaji nukta 8. Kukithibitisha kwa hakika kunahitaji karibu 13.

Tufanye hesabu. Chukua darubini yenye picha halisi ya nukta 1,920 kwa upana na uwanda wa kuona wa nyuzi 10. Kwa mita 100, uwanda huo una upana wa mita 17.5, na kila nukta inachukua karibu sentimita 0.9. Komba mwenye kimo cha sentimita 15 akiwa kwenye tawi anapata nukta 16: unaweza kusema huyu ni komba. Kwa mita 200 anapata nukta 8: ni mnyama mdogo wa mtini. Kwa mita 300 anabaki na nukta 5: kuna kitu. Hesabu hii imechukulia kwamba mwanga ni wa kutosha na mkono hautetemeki, mambo ambayo msituni ni nadra kukutana pamoja. Na vifaa vingi vya bei ya chini vina kihisi chenye nukta pungufu kuliko zile za video vinayotangaza; programu ndiyo inayojaza zilizobaki kwa kukisia.

Kwa nini basi boksi linasema mita 300, na pengine muuzaji anaamini? Kwa sababu komba, paka na wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Chini ya taa ya infraredi macho yao hung'aa kama nukta mbili nyeupe, na nukta hizo huonekana mbali sana kuliko mwili. Mtangazaji anahesabu macho. Mnunuzi anafikiri ameahidiwa mnyama mzima. Elewa tofauti hiyo nawe utaitumia kwa faida yako: tafuta macho kwa mbali, kisha sogea taratibu hadi mwili uonekane.

Pugu, fukwe na bahari

Mahali panapokifaa zaidi kifaa hiki karibu na Dar es Salaam ni misitu ya pwani. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ni moja ya makazi machache yaliyobaki ya komba mdogo wa Rondo, mnyama wa uzito wa gramu 60 hivi ambaye anaishi Tanzania peke yake, katika vipande vya misitu ya pwani, ukiwemo wa Rondo huko Lindi. Yuko hatarini kutoweka, na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa ni sehemu ya sababu. Mnyama wa ukubwa huo, anayekaa kwenye matawi usiku, haonekani kwa tochi bila kusumbuliwa. Kwa infraredi, mtu aliyetulia mita 20 hadi 40 kutoka mtini anaweza kumtazama akila na kuruka bila yeye kubadili mwenendo. Furaha hiyo, kwangu, ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kununua kifaa hiki.

Fukwe ni mahali pa pili. Kasa hupanda kutaga usiku, na mwanga mweupe unaweza kumrudisha baharini kabla hajataga. Vifaranga vyake vinapoanguliwa hufuata upeo wenye mwanga zaidi. Taa za hoteli au tochi za watazamaji huvipotezea njia. Shirika la Sea Sense la Dar es Salaam, lililoanza mwaka 2001, limefanya kazi na jamii za pwani kulinda viota hivyo, na kisiwani Mafia, palipo na hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, wageni huenda kushuhudia vifaranga vikielekea majini. Kwa kazi ya namna hii infraredi ni adabu kwa mnyama. Sharti moja tu: skrini ya kifaa ipunguzwe mwanga na ifunikwe, la sivyo uso wako unakuwa ndio taa.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ndani ya maeneo tengefu ya bahari ya Dar es Salaam, vipo katikati ya kufaa na kutofaa. Kisiwani kuna kaa na ndege wa kutazamwa, lakini upande wa mji anga limejaa mwanga, na anayegeuza kamera kuelekea huko anaona weupe mtupu.

Baharini penyewe kifaa hiki hakifai. Maji hufyonza infraredi kwa wingi, hivyo uso wa bahari huonekana mweusi. Taa za bandari, vivuko vya Magogoni na mashua za dagaa huipofusha kamera. Na kubwa zaidi, skrini huharibu macho ya nahodha. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili kufikia uwezo wake kamili, na kutazama skrini kwa muda mfupi tu hurudisha sehemu kubwa ya safari hiyo nyuma. Anayesafiri kwa mashua usiku atapata faida zaidi kwa darubini ya kawaida ya 7x50, ambayo inapitisha mwali wa mwanga wenye kipenyo cha milimita 7, sawa na mboni ya kijana iliyofunguka kabisa. Darubini hiyo haihitaji betri, inaonyesha nyota vizuri kuliko kifaa chochote cha kidijitali cha bei nafuu, na hudumu miaka mingi ikitunzwa dhidi ya chumvi na ukungu wa lenzi.

Kununua bila kupigwa

Vifaa hivi huingia nchini kwa njia ile ile ya kamera za ulinzi: kutoka China, kwa kontena hadi bandarini au kwa mizigo ya ndege, na kumfikia mteja kupitia duka la Kariakoo au wakala wa mizigo anayetoza kwa kilo. Gharama ya bandari, usafiri na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 zote zimo kwenye bei ya mwisho. Winga, yaani dalali atakayekupokea Mtaa wa Msimbazi, anajua duka lenye mzigo. Si kazi yake kujua urefu wa mawimbi ya taa. Kazi hiyo ni yako, na haihitaji utaalamu.

Kwanza, omba kujaribu kifaa gizani. Karibu kila duka lina stoo. Ingia nacho, funga mlango, utazame stoo yote kupitia kifaa hicho. Mchana kifaa chochote huonyesha picha safi. Stoo ikiwa ndogo, tazama nacho kupitia mlango kuelekea korido ndefu isiyo na taa.

Pili, washa taa yake ya infraredi na uitazame kwa kamera ya mbele ya simu yako, ambayo kwa simu nyingi huona kiasi cha mwanga huo. Ndivyo mafundi wanavyopima rimoti za runinga. Ukiona taa inawaka kwenye simu, inafanya kazi. Ukiona doa jekundu kwa jicho tupu, ni ya 850. Usiikodolee macho kwa karibu, wala kumwelekezea mtoto: kwa kuwa mwanga huo haukufanyi upepese, jicho halijikingi.

Tatu, kagua betri. Betri za 18650 zilizo bora huishia karibu milliampia-saa 3,500. Iliyoandikwa 9,900 ni feki, na betri feki ya lithiamu ni hatari ya moto ndani ya hema. Kifaa kinachochajiwa kwa pawabenki kinakupunguzia shida hiyo.

Nne, uliza ukubwa wa kweli wa kihisi na ukuzaji wa lenzi yenyewe. Ukuzaji wa kidijitali usiuhesabu. Usiku, lenzi yenye kipenyo kikubwa na ukuzaji mdogo, wa mara 3 hadi 5, huzidi ile inayojigamba kwa mara 20.

Tano, dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo mahali pa kupeleka malalamiko. Bila risiti huna pa kuanzia.

Mipaka ya sheria na ya utu

Kifaa cha kuonea usiku mikononi mwa mtu mbaya ni silaha ya ujangili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inadhibiti uwindaji wa usiku na matumizi ya taa katika uwindaji, na askari wa hifadhi atakayekukuta msituni saa 4 usiku na kifaa hicho bila kibali ana kila sababu ya kukuhoji. Kwa hiyo ingia kwa kibali, pamoja na mwongozaji anayefahamika, na useme mapema umebeba nini. Katika hifadhi za taifa matembezi ya usiku hufanyika kwa ruhusa maalumu na pamoja na askari.

Bandarini kuna mpaka mwingine. Bandari zote za meli za kimataifa zinafuata kanuni za usalama zilizoanza kutumika Julai 2004, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inatambua maeneo yanayolindwa. Kuelekeza kamera ya usiku kwenye gati, kwenye meli zilizotia nanga au kwenye kambi za jeshi upande wa Kigamboni ni kujitafutia matatizo makubwa. Vivyo hivyo madirisha ya majirani: tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, giza la mtu ni sitara yake.

Nani anunue

Mwongozaji wa watalii anayefanya kazi Pugu, Saadani au Mafia anunue. Kifaa kimoja kitatazamwa na mamia ya wageni na kitarudisha gharama yake. Mwalimu wa klabu ya mazingira shuleni anunue, ikiwa shule inaweza kuchanga. Familia inayopiga kambi mara kadhaa kwa mwaka inaweza kununua cha kati, chenye taa ya 850 na lenzi kubwa, ikijua kwamba mita 100 ndiyo mwisho wake. Mvuvi, mwendesha mashua na mpenda nyota wanunue 7x50. Anayetoka usiku mara moja kwa mwaka atumie tochi yenye mwanga mwekundu na ayape macho yake nusu saa. Hilo halimgharimu chochote zaidi ya subira.

Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, ombi ni dogo: tengeni kona moja ya giza dukani, na mwandikieni mteja aina ya taa na nukta halisi za kihisi. Kwa Wakala wa Misitu na Kitengo cha Hifadhi za Bahari, ombi ni kubwa kidogo: wekeni vifaa vichache vya kukodisha langoni, pamoja na mwongozaji aliyefunzwa. Mtoto wa Buguruni au Mbagala aliyemwona komba wa Rondo kwa macho yake usiku mmoja atakuwa na sababu ya kuuliza, siku nyingine, mkaa wa nyumbani kwao unatoka msitu gani. Na wewe msomaji, kabla hujatoa laki tano zako, ingia stoo ya duka, zima taa, na ununue kile tu ulichokiona humo.